Huruma Pekee Haiendeshi Shule ya Yatima

Si jambo geni kupita katika wilaya fulani na kukuta kando ya barabara kibao kipya kilichoandikwa jina la shule ya watoto yatima, na chini yake jina la mji wa ng'ambo ambao wanakijiji wengi hawajapata kuusikia. Siku ya ufunguzi mkuu wa wilaya hualikwa, utepe hukatwa, watoto huimba, wageni hupiga picha, na mwenye mradi hutokwa na machozi ya furaha yasiyo na unafiki. Siku hiyo hakuna anayeuliza habari ya maharage. Na kwa kuwa hakuna aulizaye, yapata mwaka wa tatu au wa nne, mfadhili anapougua, au anapofiwa, au anapopata jambo jingine la kumtia huruma, maharage hukoma. Walimu huondoka mmoja mmoja kwa sababu ya mishahara ya miezi mingi isiyolipwa. Watoto waliokuwa yatima mara moja huwa yatima mara ya pili.

Msiba huu wa pili ndio unaopasa kuzungumzwa, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa kazi ya maradhi na mauti, lakini huu ni kazi ya binadamu walioanzisha jambo kubwa bila ya kulipigia hesabu.

Kwanza yafaa neno lenyewe lieleweke. Katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika hesabu za mashirika ya Umoja wa Mataifa yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Lakini katika vibao vya barabarani neno hilo limepanuka mno hata likawaingiza watoto ambao mama zao wako hai, wanalima, na huja siku za Jumapili kuwatazama. Hao si yatima. Hao ni watoto wa maskini. Tofauti hii si ya maneno matupu, maana mtoto aliyefiwa na wazazi wote anahitaji mlezi, bali mtoto ambaye mama yake ni maskini anahitaji mama yake asaidiwe. Miongozo ya Umoja wa Mataifa juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi, iliyopitishwa mwaka 2009, yasema wazi kwamba umaskini peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumtoa mtoto katika jamaa yake. Hata hivyo kuna shule nyingi Barani Afrika ambazo, kama zingeifuata kanuni hiyo kwa uaminifu, zingebaki na nusu ya vitanda vitupu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, miaka michache tu baada ya mkoa huo kupitiwa na vita vya 1978 na 1979, yalitokea mambo ambayo mila haikuyatarajia. Mila ilikuwa imejiandaa kwa kifo cha ndugu mmoja, ambapo ndugu waliosalia hugawana watoto. Haikujiandaa kwa vifo vya ndugu wote katika nyumba moja. Bibi vikongwe walijikuta wakilea wajukuu saba au wanane katika mgomba uliokwisha kuzeeka kama wao, na katika nyumba nyingine mtoto wa miaka 13 ndiye aliyekuwa baba. Waliofungua makao na shule wakati huo, wawe watawa, misikiti, makanisa au wananchi wa kawaida, walikuwa wakizima moto. Hakuna mwenye haki ya kuwasuta.

Lakini moto ule sasa haukowi kama ulivyokuwa. Tangu dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, wazazi wengi ambao zamani wangekwisha kuzikwa wanaishi na kulea watoto wao. Hilo ni jambo la kushukuriwa sana. Ila shule na makao yaliyojengwa wakati wa moto bado yapo, yana mameneja, yana magari, yana wafadhili wanaotaka kuona idadi ya watoto ikiongezeka kila mwaka katika taarifa. Hapo ndipo hatari ilipo: taasisi iliyoanzishwa kwa kuwa watoto wana shida inaweza kugeuka ikawatafuta watoto kwa kuwa yenyewe ina shida.

Turudi kwenye maharage, kwa sababu ndiyo kipimo cha kweli cha shule ya namna hii. Na tuchukue shule ya bweni yenye watoto 120 wasio na kwao pa kwenda wakati wa likizo. Mtoto mmoja akila nusu kilo ya unga kwa siku, watoto hao hula kilo 60 kila kuchapo. Kwa kuwa yatima hana likizo ya kula, hesabu haiwi ya siku za masomo bali ya siku 365, na jumla yake ni kilo 21,900, yaani magunia 219 ya kilo mia mia. Maharage, kwa gramu 100 tu kwa kila mtoto, hufika magunia 44. Ekari ya mkulima mdogo ikitoa magunia manane ya mahindi katika mwaka mwema, shule hiyo yahitaji zaidi ya ekari 27 kwa ugali peke yake, na mvua isikose. Bado chumvi, mafuta, kuni, sabuni, daftari, taulo za wasichana, dawa ya malaria, na mshahara wa matroni ambaye ndiye anayeamka usiku wa manane mtoto anapoota ndoto za mama yake.

Mwenye kuzipiga hesabu hizi kabla ya kujenga atajenga madarasa madogo na ghala kubwa. Asiyezipiga atajenga ukumbi.

Kosa hili la kuweka jengo mbele na chakula nyuma lina asili yake. Jengo lina jina, lina picha, na lina siku ya kufunguliwa. Mtoa fedha wa mbali hupenda kuonyesha kitu kisimamacho. Hakuna aliyepata kuwekewa kibao cha shaba kwa kulipa mishahara ya walimu kwa miaka 10 mfululizo, ingawa huyo ndiye angestahili. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa anayetegemewa si hata ndugu, ni mtu ambaye hajui hata njia ya kufika kijijini.

La hasha, hoja si kwamba msaada ukataliwe. Historia ya nchi hii inao mfano wa msaada uliotoka mbali na ukazaa. Kituo cha Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, kilianzishwa kwa mkataba wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Sweden, Norway, Denmark na Finland. Kilikuwa na shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya, na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Kipo hadi leo, na shule yake imetoa viongozi, waganga na wahandisi wasiohesabika. Haikuwa shule ya yatima, na mradi uliobebwa na serikali nne haulingani na ule uliobebwa na mtu mmoja mwenye moyo mwema. Lakini kuna swali moja ambalo lilijibiwa Kibaha na ambalo shule nyingi za hisani hazijiulizi kabisa: ni lini, na kwa nani, mradi huu utakabidhiwa? Mfadhili asiye na siku ya kuondoka hana pia sababu ya kumwandaa mwenyeji.

Mfano mwingine, ulio karibu zaidi na jambo lenyewe, uko kwa jirani. Mwezi Novemba mwaka 1959, katika siku za mwisho za ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni nchini Kenya, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walifungua jijini Nairobi kituo cha vijana kilichoitwa Starehe. Kilianza kwa vibanda viwili vya mabati, na wakazi wake wa kwanza walikuwa wavulana wa mitaani, wengi wao wakiwa wameachwa na vita vya Mau Mau bila ya baba wala shamba. Griffin alikiongoza hadi alipofariki mwaka 2005, karibu miaka 46, na katika miaka hiyo vibanda viwili viligeuka kuwa moja ya shule zinazoheshimiwa kupita zote katika Afrika ya Mashariki. Mwaka huo huo wa 2005 ikafunguliwa na ya wasichana.

Ni nini kilichoifanya Starehe isife kama zilivyokufa nyingine? Fedha ilikuwapo, tena nyingine ilitoka ng'ambo, na si uungwana kulificha hilo. Lakini kuna mambo ambayo hayakununuliwa kwa fedha. Shule ile haikuwa ya maskini peke yao. Sehemu kubwa ya wanafunzi walisoma bila ya kulipa, na wale waliobakia, wenye wazazi wenye uwezo, walilipa kwa kadiri ya uwezo huo. Sare ilikuwa moja na chakula kimoja. Mtoto wa mchuuzi wa mkaa aliketi na mtoto wa ofisa, na heshima ya kila mmoja ilitokana na masomo na mwenendo wake. Kwa namna hiyo neno yatima lilikoma kuwa jina la mtu. Aidha wanafunzi walitunza shule yao kwa mikono yao, na wakati wa likizo walijitolea kufanya kazi katika ofisi na hospitali za umma bila ya malipo, ili anayepokea azoee pia kutoa. Tena kila juma palikuwa na baraza, ambapo mvulana yeyote, hata mdogo kuliko wote, aliweza kusimama mbele ya mkuu wa shule na kulalamikia uji, au adhabu, au mwalimu, na akajibiwa hadharani.

Jambo hilo la baraza halina gharama hata senti moja, nalo ni adimu kuliko kompyuta. Katika shule nyingi za hisani mtoto amefundishwa kitu kimoja cha kusema, nacho ni asante. Mtoto ambaye kazi yake ni kushukuru hawezi kumwambia mtu kwamba mlinzi humwingilia usiku. Wanaoshangaa jinsi maovu yanavyoweza kufichika miaka mingi katika nyumba zilizojaa sala na wageni wangejiuliza ni nani katika nyumba hizo aliyekuwa na ruhusa ya kulalamika.

Na wageni wenyewe ni jambo la kutazamwa. Imekuwa desturi, katika miji ya watalii hasa, kwamba kijana wa ng'ambo hulipa fedha ili akae na yatima majuma mawili. Huwabeba mgongoni, huwafundisha nyimbo, hupendwa mno, kisha huondoka, na juma linalofuata huja mwingine. Mtoto aliyefiwa na mama huagana na mama 20 kwa mwaka. Hakuna mzazi mwenye akili timamu ambaye angekubali mwanawe mwenyewe alelewe hivyo, wala hakuna shule ya Sydney au London ambayo ingemruhusu mpita njia asiye na cheti chochote aingie bwenini. Huko ng'ambo kwenyewe watu wameanza kuzinduka. Bunge la Australia, lilipokuwa likichunguza mambo ya utumwa wa siku hizi mwaka 2017, lilijadili biashara ya watoto wa makao ya yatima, na mwezi Desemba mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililogusa ubaya wa kujitolea na utalii katika makao hayo. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, safari zikakoma, na shule zilizokuwa zikila kwa njia ya wageni zikaona njaa pamoja na mahoteli. Shule inayopata njaa watalii wasipokuja ni sehemu ya utalii.

Picha ya mtoto mwenye kamasi na kaptula iliyochanika, ikiwa na jina lake na habari za kifo cha wazazi wake, huzunguka dunia. Miaka 15 baadaye mtoto yule ni mhasibu, ni mchumba wa watu, na picha ingali inazunguka. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Nchi nyingine za Afrika zimechagua njia iliyo kali zaidi. Rwanda, ambayo baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ilijaa makao ya yatima, iliamua mwaka 2012 kuyafunga hatua kwa hatua na kuwarejesha watoto katika jamaa zao au jamaa za kambo. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwezi Novemba mwaka 2017. Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo dawa na Tanzania ifuate. Lakini wanaosema hivyo wasisahau kwamba kuna mjomba anayemlea mpwa wake, na kuna mjomba anayemfanya mpwa wake mtumishi wa ng'ombe, asiyekula mezani wala kuonekana darasani. Ujamaa wa kiafrika ni kitu chenye thamani, ila mtoto anayepigwa kwa sababu si wa tumbo hili haoni thamani yake. Kwa mtoto kama huyo shule ya bweni iliyo njema ni wokovu, na kuifunga kwa jina la mila ni ukatili mwingine.

Njia ifaayo yaelekea kuwa hii, kwamba shule iwe shule, na nyumba iwe nyumba, pale inapowezekana. Tangu mwezi Januari mwaka 2016 elimu hadi kidato cha nne katika shule za Serikali haina ada, na mwaka 2022 ukaongezwa msaada huo hadi kidato cha sita. Kinachomzuia mtoto wa bibi kizee asisome mara nyingi si ada tena, ni sare, chakula cha mchana, na ukweli kwamba bibi huyo hana mtu mwingine wa kumtekea maji. Fedha inayomlisha mtoto mmoja bwenini mwaka mzima ingeweza kumwacha kwa bibi yake, ikanunua sare, ikachangia uji shuleni, ikampa bibi mbuzi wawili. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF umefuata fikra hiyo hiyo, wa kuipa kaya fedha kwa sharti la watoto kuhudhuria masomo. Mwenye hisani anayetaka kufanya kazi ya kudumu angekwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji kuuliza ni kaya zipi zilizosahauliwa katika mpango huo.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alilalamika kwamba shule za kikoloni zilimtenga mtoto na jamii aliyotoka. Leo ukuta uliozungushiwa seng'enge ya miba, wenye watoto wanaosema Kiingereza ndani na wenzao wanaochunga mbuzi nje, unafanya kazi ile ile, ila kwa nia njema. Mtoto hutoka humo akiwa na miaka 18, kwa kuwa sheria ndiyo imwonayo kuwa mtu mzima, akiwa hajui kuipalilia migomba, hajui jina la shangazi yake, wala hajui baba yake alizikwa wapi.

Tena hajui mpaka wa shamba la baba yake. Hili ndilo ambalo waendeshaji wengi wa shule hizi hawalikumbuki kabisa, wala mfadhili hawezi kulifikiria, na pengine ndilo zito kuliko yote. Wakati mtoto akiimbishwa nyimbo za kukaribisha wageni, ndugu wa marehemu wanahamisha mawe ya mpaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu mila imnyime mtoto haki yake katika ardhi, lakini sheria haiji yenyewe kusimama shambani. Hapana budi asimame mtu, na kwa kuwa shule imejitwika mahali pa mzazi, mtu huyo ni mkuu wa shule. Siku ampokeapo mtoto, kabla ya kumpa kitanda, angeandika kwa serikali ya kijiji kuuliza marehemu aliacha nini, na nakala ya jibu ikawekwa katika jalada.

Katika jalada hilo hilo viwekwe vyeti. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa ni kama hajazaliwa, na yatima asiye na vyeti vya vifo vya wazazi wake, machoni mwa ofisi, si yatima. Kila mwaka wapo vijana waliofaulu kidato cha sita, ambao wanapoomba mkopo wa elimu ya juu kwa haki ya uyatima hutakiwa kuonyesha vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA. Wazazi walifia nyumbani, wakazikwa jioni ile ile, na hakuna aliyekwenda wilayani kuandikisha. Kijana aliyeitwa yatima kwa miaka 15 katika kila barua ya kuomba fedha hushindwa kuthibitisha uyatima wake siku ile moja ambayo jina hilo lingemfaa yeye mwenyewe. Kazi ya kufuatilia vyeti hivyo ingemchukua karani mmoja siku chache, mashahidi wakiwa bado hai.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, yataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe na maofisa wa ustawi wa jamii. Maofisa hao ni wachache na wilaya ni pana. Wengi hawana hata pikipiki ya kuwafikisha huko. Lakini kijiji hakihitaji pikipiki. Kijiji kipo hapo hapo, kinasikia kengele ya shule kila asubuhi, na kina halmashauri yake na mkutano wake mkuu ambao hupokea taarifa za mapato na matumizi ya kijiji. Shule iliyopewa ardhi na kijiji ingeweza kutakiwa, katika barua ile ile ya kupewa ardhi, isome mbele ya mkutano huo kila mwaka fedha iliyoingia, fedha iliyotumika, idadi ya watoto, wangapi wamerejea kwa jamaa zao, na magunia yaliyo ghalani. Mwenye shule mwaminifu hatachukia kuulizwa na wakulima ambao ndio watakaobaki na watoto siku atakapoondoka. Na mkulima atakayesikia kwamba ghala lina magunia 30 na mwaka bado miezi saba, hatangoja barua kutoka ng'ambo. Ataanza kuuliza habari ya ekari zile 27.